Lesta, Wusta, Heizbra

Dirishani pa tiketi, stesheni ya St Pancras jijini London, nilitaja mji niliokuwa nikienda kama nilivyousoma kwenye barua ya mwaliko: Laisesta. Karani aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, kisha akauliza kwa upole, "Lesta?" Nikaitazama barua yangu. Leicester. Herufi tisa, na yeye kazipitisha kwa pumzi moja fupi. Nikasema ndiyo, nikalipa, nikapanda treni nikiwa bado naigeuzageuza ile sauti mdomoni.

Siku ya pili nilikwenda Belgrave Road, mtaa wa maduka ya sari, dhahabu na vitumbua vya Kihindi, nikaingia duka moja la viungo huku nikiongea na simu. Mama mmoja mzee aliyeketi nyuma ya magunia ya mchele akanisubiri nimalize. "Umetoka wapi, mwanangu?" Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, chenye harufu ya gulio na gereji. Nilimpa shikamoo, akacheka, akaniambia kwao walisalimiana jambo tu. Alifika mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Mwaka huohuo halmashauri ya mji wa Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije huko, mji umejaa. Wengi waliolisoma wakaja vilevile, na leo huwezi kuuelezea mji ule bila wao.

"Sisi tulisoma Laisesta," aliniambia. "Treni ikasimama, watu wanaita Lesta, Lesta. Mimi nashika mtoto, nashika sanduku. Bwana yangu akasema, hapana shuka, bado. Hapa si penyewe."

Nusura wapitilizwe. Sentensi ile ya marehemu mumewe nimekaa nayo miaka mingi, na sura hii imetokana nayo. Mtu ameshafika, amesimama kabisa juu ya ardhi aliyoitafuta, lakini maandishi yanamwambia bado.

Sisi tuliojifunza kusoma kwa Kiswahili tumelelewa na mapatano mema kati ya jicho na sikio. Ba ni ba, be ni be, na aliyejua silabi zake anaweza kusoma kwa sauti jina la kijiji asichokiona maishani, akakaribia sana kupatia. Mkazo nao tunaujua ulipo: silabi ya pili kutoka mwisho. Na hata tukiikazia silabi hiyo, jirani zake hazifi njaa. Sema Mombasa: *mba* inapanda, lakini *Mo* na *sa* zinapata haki yao kamili, kila irabu inasikika. Mwingereza hafanyi hivyo. Yeye huichagua silabi moja, mara nyingi ya kwanza, akaimwagia nguvu zake zote, na zilizobaki akazipitia kama mtu anayeshuka ngazi gizani, mguu ukigusa tu. Irabu zake zinafifia mpaka zote zinakuwa sauti moja dhaifu, si a wala si e, ambayo Kiswahili hakina herufi yake wala hakijaihitaji.

Hebu tuutazame mji wa Worcester. Jina lake la kale, Waanglo-Saksoni walipolitia wino, lilikuwa Weogornaceaster. Sehemu ya mwisho, *ceaster*, walikuwa wameirithi kutoka Kilatini, *castra*, yaani kambi ya jeshi, kwa sababu Warumi waliacha kuta na ngome zao kila pembe ya kisiwa. Neno hilohilo liko Manchester, Chester na Colchester, huko likiwa na *ch* yake ya Kiingereza. Mwaka 1066 wakaja Wanormani kutoka ng'ambo ya bahari. Midomo yao ya Kifaransa haikuipenda ile *ch*, na mikono ya makarani wao ikaandika *c* na kuitamka s. Katika Worcester, Gloucester na Leicester matamshi yao yakashinda. Kisha zikapita karne nyingine za wakulima, wauza kondoo na watoto waliotumwa sokoni, kila mmoja akilisema jina mara kumi kwa siku, na jina linalosemwa mara kumi kwa siku hulainika. Leo ni Wusta. Karani alilihifadhi kama lilivyokuwa siku alipoliandika. Mdomo uliendelea na safari.

Hao Wanormani waliacha alama nyingine. Nottingham zamani ilianza na s, Snotingaham, makao ya watu wa Snot. Midomo ya Kinormani ikashindwa na *sn* ya mwanzo wa neno, s ikadondoka, na mji mzima ukaponea hapo, maana katika Kiingereza cha leo *snot* ni kamasi. Karibu na Leicester kuna kasri waliloliita kwa Kifaransa Belvoir, mandhari mazuri. Wenyeji wakalikubali kasri na jina lake la kigeni, ila wakalitamka kwa ulimi wao: Biva. Hakuna mgeni anayeweza kuipata Biva kwa kutazama Belvoir. Lazima aambiwe.

Bristol ndiyo niipendayo kuliko zote. Jina la kale ni Brycgstow, mahali penye daraja. Hakuna l hata moja ndani yake. Lakini watu wa mji ule wana tabia ya ulimi inayojulikana Uingereza nzima: neno likiishia kwa ile sauti dhaifu, wao huliongezea l. Wazee wa Bristol, kwa lafudhi halisi ya mji, huweza kutamka *idea*, yaani wazo, kama vile ni *ideal*, yaani kielelezo bora. Jina la mji lilipopita katika midomo hiyo likatoka na l, na kwa bahati mara hii kalamu ikafuata. Bila kujua, kila mtu duniani anayetaja Bristol anatamka neno moja kwa lafudhi ya Bristol.

Nasi tunao mfano wetu. Ukiingia Mji wa Kale Mombasa utapita Ndia Kuu. Sarufi ya shule inasema njia. Kimvita kinasema ndia. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa hiyohiyo uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, vitabu vikafuata, mitihani ikafuata. Kibao cha barabara hakikufuata. Mtoto wa Mombasa aliyesahihishwa ndia kwa wino mwekundu darasani anarudi nyumbani kwa kupita Ndia Kuu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba wenyeji "wanameza" majina ya miji yao, au kwamba wanayatamka vibaya. Aliyetangulia ni msemaji. Tahajia ni picha iliyopigwa siku moja, tena na mgeni mara nyingi, na picha hiyo haiwezi kumshitaki mtu kwa kuwa amezeeka. Tena haina hata uhakika. Kuna mji wa Gillingham katika mkoa wa Kent na mwingine Gillingham katika mkoa wa Dorset. Herufi zilezile, mpangilio uleule. Wa Kent unaanza kwa sauti ya j, wa Dorset kwa g ya gari. Kitabu gani cha kanuni kitakuambia?

Hata hivyo kalamu ilipata wafuasi. Katika karne ya 19 reli iliwapeleka watu mahali ambapo babu zao hawakuwahi kupasikia. Majina waliyakuta kwanza yamechapwa kwenye ratiba na kubandikwa kwenye mbao za stesheni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1870 ikaanza kuwaingiza shuleni watoto wa maskini kwa maelfu, na aliyefundishwa kusoma kwa taabu huwa na imani kubwa na herufi. Polepole majina yakaanza kurudi nyuma kuelekea maandishi. Cirencester, ambayo wazee waliiita Sisista, ikawa Sairensesta kwa karibu kila mtu.

Kisha ikaja redio. Katikati ya nchi kuna mji wa Daventry, ambao wenyeji kwa karne nyingi waliuita Deintri. Katika tamthilia ya Shakespeare, Henry VI sehemu ya 3, umeandikwa Daintry, kama ulivyosikika. Mwaka 1925 BBC ilisimika juu ya kilima cha hapo mtambo wake mkubwa wa masafa marefu, na Desemba 1932 matangazo ya kwenda katika makoloni yakaanza kurushwa kutoka hapohapo. Watangazaji walilisoma jina kama lilivyoandikwa. Deintri haikuwa na mlingoti. Mji mdogo wa washona viatu ungefanya nini mbele ya sauti inayosikika hadi Nairobi?

Na Nairobi nayo ilikuwa ndani ya nchi ambayo Waingereza wa enzi hizo waliiita Kiinya. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, jina la nchi na jina la Jomo Kenyatta yakatamkwa kwa e ya wenyewe, na dunia ikajifunza upya. Bado unaweza kukutana na Mwingereza mkongwe anayesema Kiinya, na kwa irabu hiyo moja ukajua alizaliwa lini na alipata wapi habari za Afrika.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba BBC hiyohiyo, iliyounda mwaka 1926 kamati ya kuelekeza watangazaji wazungumzeje, chini ya mshairi Robert Bridges na baadaye George Bernard Shaw, ilitambua kwamba majina ya mahali hayawezi kuamuliwa mezani London. Katibu wake, Arthur Lloyd James, alikusanya matamshi ya wenyeji, na mwaka 1930 kikatoka kijitabu cha majina ya mahali ya Uingereza kwa ajili ya watangazaji. Kwa hiyo mtangazaji alitakiwa aseme kila neno kwa lafudhi ya waliosoma shule za ghali za kusini, isipokuwa akifika kwenye jina la kijiji. Hapo amuulize mkulima. Naiona heshima kubwa katika ruhusa hiyo ndogo. Naiona pia dhuluma iliyoizunguka, maana mkulima aliyeaminiwa kwa jina la kijiji chake hakuaminiwa kusoma habari.

Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, BBC ilimjaribu Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax katika Yorkshire, asome habari za taifa. Alitumia a fupi za kwao na kuwaaga watu wa kaskazini kwa usiku mwema wa kikwao. Malalamiko yakamiminika, na mengine yalitoka kaskazini kwenyewe. Watu walikuwa wamefundishwa kwamba habari za kweli hazitamkwi kwa sauti kama yao.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana siri yake, na mimi niliigundua kwa furaha kubwa nilipovuka kwenda Leeds. Lafudhi ya kaskazini iko karibu zaidi na masikio yetu. Chukua jina la mji mkuu. Kwa Waingereza wa kale lilikuwa Lunden. Katika karne ya 17 kusini mwa nchi, ile u fupi katika maneno mengi iligeuka ikawa sauti inayokaribia a, ndiyo maana tunasikia Landan. Kaskazini haikugeuka. Mzee wa Leeds husema Lundun, na mji wa Hull kwake ni Hul, kwa u tuliyofundishwa darasa la kwanza. Baadaye kusini wakairefusha a katika maneno kama *bath* na *castle*. Kaskazini wakaiacha fupi. Mpaka wake unapita takriban kutoka ghuba ya The Wash mashariki hadi karibu na mto Severn magharibi, na ukiuvuka kwa treni unasikia mabadiliko katika mazungumzo ya abiria wanaopanda.

Mji wa Newcastle umebeba ugomvi huo katika jina lake. Mtu wa London anasema NYUkaasol, mkazo mwanzoni na aa ndefu. Wa Newcastle mwenyewe anaurudisha mkazo nyuma na kuifupisha irabu: nyuKAsol. Mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho! Mswahili akilisoma jina lile kwa mazoea ya kwao tu atakuwa amewakaribia wenyeji kuliko waziri wa serikali anayefika kutoka London.

Aliyezipa lahaja hizo heshima ya kitabu alitoka kulekule. Joseph Wright alizaliwa mwaka 1855 karibu na Bradford. Akiwa na miaka sita alikuwa akiswaga punda machimboni, kisha akaingia kiwanda cha sufu, na alijifunza kusoma akiwa na miaka 15 hivi. Mtu huyo alipata shahada ya udaktari Heidelberg, akawa profesa Oxford, na kati ya mwaka 1898 na 1905 akatoa kamusi ya lahaja za Kiingereza katika majuzuu sita. Maneno ambayo mwalimu wa kijiji angempiga mtoto kwa kuyatamka sasa yalikuwa na ukurasa na ushahidi.

Baada yake wakaja watu wa Chuo Kikuu cha Leeds chini ya Harold Orton. Kuanzia mwaka 1950 hadi 1961 walizunguka sehemu 313, nyingi zikiwa vijijini, wakiwa na maswali zaidi ya 1,300. Walitafuta wazee, hasa wanaume wasiotoka kijijini mwao, wakawauliza unaitaje hiki, unaitaje kile: zizi, ndoo, kiwele cha ng'ombe. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo kwa muda mrefu zaidi alikuwa Stanley Ellis, na ndiye aliyekuja kuonyesha sikio lililofunzwa linaweza kufika wapi.

Juni 1979 polisi wa West Yorkshire, waliokuwa wakimsaka muuaji wa wanawake, walipokea kanda. Mwanamume aliyejiita Jack alizungumza taratibu, akiwadhihaki. Polisi waliamini ndiye. Ellis aliisikiliza kanda, akaenda kaskazini mashariki, akazungukia baa na vilabu, akisikiliza irabu mtaa kwa mtaa, hadi akaiweka ile sauti Castletown, kijiji kilicho pembezoni mwa mji wa Sunderland. Kijiji kimoja, katika nchi ya mamilioni ya watu. Yeye na mwenzake pia waliwatahadharisha polisi kwamba mwenye sauti huenda si muuaji. Tahadhari hiyo haikuzingatiwa. Washukiwa wasio na lafudhi ile waliachwa, akiwemo Peter Sutcliffe wa Bradford, ambaye alikuwa amehojiwa na polisi mara kadhaa. Aliwaua wanawake watatu zaidi kabla ya kukamatwa Januari 1981. Mwenye kanda alipatikana mwaka 2005 kwa vinasaba vilivyobaki kwenye bahasha: mlevi mmoja wa Sunderland, aliyeishi si mbali na Castletown, ambaye hakuwahi kuua mtu.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na kila mara kinanitia baridi. Irabu zilisema kweli tupu. Zilisema mtu huyu anatoka wapi, basi. Waliozisikiliza ndio waliozidai ziseme zaidi.

Kwa kawaida watu hudai kinyume chake, kwamba lafudhi inyamaze. Mwanaisimu Peter Trudgill alipochunguza usemi wa mji wake mwenyewe wa Norwich mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwauliza watu wanatamkaje maneno fulani, kisha akalinganisha na walivyotamka hasa. Wanawake wengi walidai wanatumia matamshi ya kiheshima ambayo hawakuyatumia. Wanaume walifanya kinyume: walidai wanazungumza kienyeji zaidi ya walivyozungumza. Aibu na fahari ziliishi nyumba moja, kitanda kimoja.

Norfolk, mkoa wa Norwich, ndiyo hazina ya majina yasiyosomeka. Wymondham ni Windam. Costessey ni Kosi. Hunstanton kwa wazee wake ni Hanstan. Na pwani, juu ya jabali la udongo, kuna Happisburgh. Katika daftari kuu la Wanormani la mwaka 1086 iliandikwa Hapesburc. Ina herufi kumi na moja na inatamkwa kwa silabi mbili.

Nilikwenda huko Oktoba moja yenye upepo. Bahari inaila ardhi ile mwaka hadi mwaka. Barabara inakatika ghafla penye uzio, na nyumba zilizokuwa mbele yake hazipo. Mei 2013 mawimbi yalifunua ufukweni nyayo za binadamu zenye umri wa zaidi ya miaka 800,000, za kale kuliko zote zilizojulikana nje ya Afrika, na katika muda wa majuma machache maji yakazifuta. Nilisimama kando ya mnara wa taa, ule wenye mistari myekundu na myeupe. Mzee mmoja alikuwa akimtembeza mbwa. Nilimsalimu, nikamwomba anifundishe jina la kijiji chake.

"Heizbra," akasema.

Nikasema Heizbara.

Akatikisa kichwa. Akamfunga mbwa kamba kwenye nguzo ya uzio, akanigeukia vizuri ili nione midomo yake, akalisema tena polepole. Ile sauti ya katikati niliyoitia a haikuwepo. Z ilikuwa imeegemea b moja kwa moja. Nikajaribu. Upepo ukalichukua. Akaniashiria nisogee karibu, nami nikajaribu tena.